Forester SG5 turbo inakata pumzi ikipanda Nyang'oro, ila Dodoma mjini iko poa. Tatizo liko wapi?

#1 Zabibu_Nyeusi
Wakuu, mbukwenyi.

Gari ni Forester SG5 XT, injini EJ205, otomatiki ya gia nne, turbo ni TD04 ile iliyokuja nayo. Kilichoongezwa ni geji ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) tu. Mjini haina shida: ukitoka Area D kwenda Mtumba ukaikanyaga, geji inapanda hadi 0.8 bar na inakaa hapo. Shida ni njia ya Iringa. Ukishavuka Mtera ukaanza Nyang'oro, mguu ukiwa chini kwa muda, busti inashuka taratibu hadi 0.55, gari inakuwa nzito, na mara mojamoja inashtuka kama mtu amezima swichi akawasha. Ukipaki kama dakika kumi inarudi kawaida.

Taa ya cheki injini haiwaki. Mshale wa joto hautoki katikati. Plagi na chujio la hewa vilibadilishwa sevisi iliyopita. Halafu ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa), upande wa vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini) geji inasoma inchi 16, na kote ninakosoma wanasema inatakiwa 19 hadi 20. Gereji wamesema turbo imechoka, ninunue nyingine. Naomba maoni kabla sijatoa hela.

#2 Boksa_Kizota
Usinunue turbo. Turbo iliyokufa haiponi kwa kupaki dakika kumi.

#3 Dereva_wa_Bahi
Naunga mkono #2, ila ipime ili uwe na uhakika, ni bure. Injini ikiwa baridi, fungua mpira unaoingiza hewa upande wa feni baridi, shika nati ya katikati ya shafti. Isukume ndani na uivute nje: haitakiwi kusogea kiasi cha kuhisika mkononi. Juu na chini itacheza kidogo, hiyo ni kawaida, kwa sababu shafti inaelea juu ya oili. Kinachokatazwa ni majani ya feni kugusa ukuta.

Ukiwa hapohapo pitisha kidole kwenye makali ya majani. Yakiwa yameliwa, yana kingo za mviringo au vidoa vidogo kama yamepigwa mchanga, basi vumbi limekuwa linapita kwenye chujio muda mrefu. Kwa vumbi letu la Juni hadi Novemba hilo si jambo la kushangaza. Na ndani ya mpira, baada ya chujio, futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, boksi la chujio halifungi vizuri au chujio ni la bei rahisi lenye raba ngumu.

Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba usikutishe. Mwingi unatoka kwenye mfumo wa kupumua wa injini, si kwenye sili za turbo.

#4 Mita_1120
Hiyo vakyumu ya inchi 16 ni sahihi kabisa kwa hapa. Namba za 19 na 20 ni za usawa wa bahari. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu, na vakyumu hupungua karibu inchi 1 kwa kila mita 300. Toa inchi tatu na nusu kwenye 20 utaona umefika palepale. Kwa hiyo usianze kutafuta tundu kwa sababu ya namba hiyo.

Kipimo cha haraka: swichi ikiwa ON injini imezimwa, soma sensa ya presha kwenye mashine. Dar itasoma karibu 101 kPa. Hapa isome 88 au 89. Ikisoma 101 ukiwa Dodoma, sensa inadanganya.

Sasa upande wa busti. Geji yako inapima presha inayozidi ile ya nje. Ili injini ya Dodoma ipate hewa ileile ambayo gari ya Dar inapata kwa 0.8, feni lazima ikandamize hewa zaidi. Dar: (101+80)/101 ni kama mara 1.8. Hapa ili ufike 181 hiyohiyo, 181/88.5 ni mara 2.05. Ukipanda hadi Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500, nje kumebaki kama 84 kPa, inakuwa mara 2.15. TD04 ni turbo ndogo, inaamka mapema na inachoka mapema kwenye mizunguko ya juu. Pamoja na hilo, programu ya Subaru yenyewe ina jedwali la kupunguza busti presha ya nje ikishuka. Sehemu ya unachokiona huenda si ubovu wowote.

#5 Zabibu_Nyeusi
Shukrani #4, hiyo ya vakyumu imenitoa njiani. Ila Mtera iko chini kuliko Dodoma, na busti inaanza kushuka mapema kabla sijapanda juu sana. Mwinuko peke yake unatosha kueleza?

#6 Fundi_Kimya
Hautoshi. 0.8 hadi 0.55 ni pengo kubwa mno kwa mwinuko wa pale. Anza na mipira.

Tengeneza kifaa cha kupimia uvujaji. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinachobana kwenye mdomo wa mpira wa turbo, kitoboe katikati, weka vavu ya tairi, kaza kwa klipu. Ondoa bomba la sensa ya hewa, funga kifaa chako mahali pake, jaza kwa kompresa yenye rejuleta. Anza na 0.3 bar, panda hadi 0.7. Usivuke 1 bar. Nyunyiza maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kila kiungo na usikilize.

Sehemu za kutazama kwenye SG5: mpira kati ya turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), ambao hupasuka upande wa chini usikoonekana, mpira wa intakula na throto bodi, gasketi ya vavu ya kurudishia hewa pale inapokaa juu ya intakula, viungo vya intakula yenyewe, pale plastiki au alumini inapokutana na mirija. Kisha ule mpira mrefu wa kuingiza hewa unaopita chini ya manifoldi. Huo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu huwezi kuuona bila kuinua manifoldi, na ukipasuka unanyonya vumbi ambalo halijapita kwenye chujio, tena hewa ambayo sensa haijaihesabu.

Na usipuuze hili: mpira uliolowa oili miaka mingi hulainika. Injini ikiwa baridi unasimama vizuri. Ukipata joto la Nyang'oro na mvuto wa nguvu, unabonyea na kujifunga wenyewe. Ndiyo maana gari inapona ikipoa.

#7 Dada_Spana
Nyongeza muhimu kwa #6. Ukijaza hewa kutoka kwenye mpira wa kuingizia, hewa inaingia pia ndani ya injini kupitia mipira ya kupumulia. Bana mipira hiyo kwa koleo lenye midomo laini, la sivyo unaweza kusukuma sili za krenki. Ukisikia hewa inatoka kwenye tundu la dipstiki, umesahau kubana.

Pia usipige sabuni kwenye sensa ya hewa. Sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu, waya usiguswe kwa kidole wala pamba, iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Dawa ya kabureta inaiua.

#8 Boksa_Kizota
Mimi naangalia hiyo 0.55. Springi ya westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili busti isizidi) ya TD04 peke yake, bila solenoidi (vavu ya umeme inayoiongoza) kufanya kazi, hushika karibu 0.5. Geji yake inashuka mpaka hapo na kusimama. Maana yake kuna kitu kinaondoa mkono wa solenoidi.

Solenoidi iko upande wa kulia wa chumba cha injini, ina mirija miwili ya hewa na plagi ya waya mbili. Pima kwa mita: ikiwa baridi inatakiwa karibu ohm 30 hadi 34. Kisha ipime ikiwa moto, mara tu baada ya kupaki. Ikipanda kidogo ni kawaida ya shaba. Ikisoma wazi, waya wa ndani umekatika na unaachana ukipata joto. Hiyo ndiyo dalili ya "ukipaki inarudi".

Halafu kagua ule mrija kati ya turbo na solenoidi. Ndani yake kuna kipande kidogo chenye tundu dogo sana. Mafundi wengi wanabadilisha mrija na kukitupa bila kujua. Kikikosekana busti inakuwa ya ovyo. Mrija wa westigeti ukichomoka kabisa, busti inapanda bila breki na kompyuta inakata petroli ghafla. Huo mshtuko wa "kuzima na kuwasha" unafanana na hilo.

#9 Mzee_wa_Log
Bandiko #8 limefika karibu, lakini si lazima solenoidi iwe mbovu. Kompyuta yenyewe inaweza kuizima.

Gari hizi ziliandikiwa programu kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, ile wanayouza kama 100. Pampu zetu hazitoi 100. Ukipanda mlima kwa mzigo mrefu, hewa ya moto inaingia, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka kabla ya wakati wake), sensa ya kugonga inasikia. Kwanza kompyuta inarudisha moto wa plagi nyuma (inachelewesha cheche) kwa digrii kadhaa. Kugonga kukiendelea inashusha kizidisho cha jumla cha moto, kile ambacho programu ya RomRaider inakiita IAM, ambacho kwenye hali nzuri ni 1.0 kwa kompyuta za biti 32 na 16 kwa zile za zamani. Kikishuka chini ya kiwango fulani, udhibiti wa busti unafungwa na unabaki na springi tu. Taa ya cheki injini haiwaki kwa hilo. Geji inaonyesha nini? 0.5 na ushee.

Usibahatishe. Laptopu, waya wa kuunganisha kwenye soketi ya chini ya usukani, RomRaider ni ya bure. Rekodi mizunguko, presha ya manifoldi, IAM, marekebisho ya kugonga ya papo hapo na yale yaliyohifadhiwa, asilimia ya solenoidi ya westigeti, mafunzo ya mchanganyiko (asilimia ya petroli ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza) kwenye safu zote, kuanzia A ya hewa kidogo hadi D ya hewa nyingi, na volti ya sensa ya hewa. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya bluetooth mara nyingi haviongei na Subaru za Japani za miaka hiyo, kwa sababu hazitumii lugha ile ya jumla.

#10 Fundi_Kimya
#9, IAM haiponi kwa kupaki. Imehifadhiwa kwenye kumbukumbu, na inapanda tena gari ikiwa inatembea kwenye mzigo wa kati bila kugonga. Mwenye uzi anasema akiwasha tena iko sawa. Kitu kinachopona kwa kupoa ni mpira au umeme.

#11 Mzee_wa_Log
Anasema "inarudi kawaida", hajasema ameikanyaga mzigo uleule mara moja. Kutoka alipopaki akaendesha taratibu kilomita chache, inatosha kompyuta kuanza kurudisha. Log (rekodi hiyo) itasema.

#12 Kondoa_Irangi
Naomba niingize plagi. Mshtuko wa mara moja chini ya busti ni cheche kupulizwa. Zimebadilishwa, sawa, ila zimewekwa zipi? EJ205 inataka platinamu kama NGK PFR6G, mwanya wa 0.7 hadi 0.8 mm. Ukiweka plagi ya kawaida yenye mwanya wa 1.1, mjini haisumbui, mlimani inamisi. Na kwa joto letu weka namba 7 badala ya 6, inavumilia moto mwingi.

#13 Dada_Spana
Uvumilivu uko, ila tuweke maneno sawa ili mtu asikosee dukani: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Denso ni hivyohivyo, 22 ni baridi kuliko 20. Bosch wanakwenda kinyume. Kwa gari ambayo haijatuniwa na inaishi safari fupi za Kisasa na Ilazo, 7 itachafuka kwa masizi. Baki na 6.

Kuzitoa kwenye injini ya boksa: upande mmoja ondoa betri, upande mwingine boksi la chujio. Soketi ya plagi, ekstensheni fupi mbili, na kiungo kinachojikunja. Injini iwe baridi, uzi wa alumini ukiwa moto unang'oka. Anza kwa mkono kwa kutumia kipande cha hosi mpaka iingie yote, kisha kaza kama Nm 21. Koili nazo zikague: raba zilizopasuka zinaonyesha mstari mweupe au mweusi pale cheche ilipotorokea.

#14 Nala_Garage
Hizi gari zinaharibiwa na oili nyepesi. Joto la Dodoma weka 20W-50, turbo itakaa.

#15 Mita_1120
Mkuu #14, kila uzi wa turbo wewe na 20W-50 yako, hamtengani! Oili ya 5W-30 au 5W-40 injini ikiwa moto haina wepesi unaoudhani. Namba ya mbele ni ya baridi. Asubuhi ya Julai hapa joto linashuka, 20W inachelewa kufika kwenye turbo, na turbo ndiyo ya mwisho kupata oili na ya kwanza kuumia.

#16 Nala_Garage
Asubuhi ya Julai ya Dodoma si Hokkaido. Injini yenye kilomita nyingi, nafasi za beringi zimeongezeka, presha ya oili ikiwa silensa na moto inashuka. Unene unasaidia. Watu wanaweka 5W-30 ya kopo zuri ambayo ndani si 5W-30. Bora 20W-50 halisi kuliko 5W-30 ya kughushi.

#17 Dada_Spana
Kwenye hilo la kughushi uko sawa. Kwenye unene, kati: 10W-40 au 5W-40 sintetiki, lita 4 hadi 4.5 pamoja na chujio, usomwe dipstiki gari ikiwa tambarare na imekaa dakika kadhaa. Kila kilomita 5,000, si 10,000.

Na kwa wenye EJ zenye vichwa vya AVCS (mfumo wa kubadili muda wa vavu kufunguka): kwenye bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili ikikaa muda mrefu, matope yanaziba wavu huo na turbo inakufa kwa kiu huku injini ikiwa nzima. Ukibadilisha turbo bila kusafisha au kubadilisha bolti hiyo, mpya nayo inakufa. Washa za shaba ziwe mpya kila ukifungua.

#18 Kanda_ya_Kati
Tusisahau mfumo wa maji, hasa kwa njia ya Nyang'oro. Maji ya Dodoma ya visima vya Mzakwe yana chumvi na ugumu, angalia birika lako la chai utaona. Hayo ndani ya rejeta yanaganda kwenye mirija. Nunua kulanti lita 4 na maji ya betri lita 4, changanya nusu kwa nusu. Soma kopo: maji ya betri, siyo tindikali ya betri.

Forester turbo ina vifuniko viwili: kimoja cha rejeta na kimoja cha tangi dogo la juu karibu na turbo. Havifanani presha. Cha tangi la juu ndicho kinachoamua, karibu 1.1 bar, na cha rejeta ni kikali zaidi. Wakivibadilishana huko gereji mfumo haufanyi kazi yake. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96. Kifuniko kizima kinapeleka kiwango hicho karibu na 120. Raba ya kifuniko ikipasuka umerudi kwenye 96, na mshale wa dashibodi hautakuambia mapema, kwa sababu umetengenezwa kukaa katikati kwenye upana mkubwa wa joto. Soma joto halisi kwenye mashine.

Injini ikikaribia kuzidi joto, kompyuta inapunguza busti. Hilo nalo lingeeleza yote yaliyosemwa #1.

#19 Msafiri_Manyoni
Na intakula? Imekaa juu ya injini, chini yake kuna turbo. Mlimani spidi ni ndogo, hewa ya boneti haitoshi. Angalia sponji inayoziba kati ya tundu la boneti na intakula: nyingi zimeoza, hewa inapita pembeni. Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa bisibisi nyembamba, osha kwa maji ya presha ndogo kutoka chini kwenda juu. Ukishafika kileleni usizime mara moja, endesha kilomita ya mwisho taratibu au iache silensa dakika moja au mbili.

#20 Boksa_Kizota
Kama nzito ni ya gia boksi? Taa ya AT OIL TEMP imewaka? Konveta (kiungo cha injini na gia boksi) ikiteleza mlimani, ATF (oili ya gia boksi) inachemka, gari inakuwa nzito.

#21 Fundi_Kimya
Gia boksi haishushi geji ya busti. Injini ingepiga mizunguko juu na busti ingebaki.

#22 Boksa_Kizota
Kweli haishushi moja kwa moja, ila mizunguko ikipanda kwa kuteleza, TD04 inaingia kwenye eneo lake la kuchoka na busti inashuka yenyewe. Soma #4.

#23 Kondoa_Irangi
Hakuna aliyetaja masega (yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba la kutolea moshi). Masega yakivunjika, vipande vinageuka ndani na kuziba, vikipoa vinakaa kwa namna nyingine. Toa sensa ya oksijeni, funga geji ya presha mahali pake. Ikiwa silensa isizidi 0.09 bar, kwenye mizunguko 2,500 isizidi 0.2. Ikipanda polepole kadiri unavyoshikilia, umeshapata jibu. Na kwa zile zenye masega madogo kwenye bomba la kupandia turbo, vipande vyake vinaenda moja kwa moja kwenye feni ya moto.

#24 Kijana_UDOM
Wakuu, nje kidogo ya mada. Kwa gari kama hii nikitaka kuongeza nguvu, nianzie wapi? Kuna watu wanauza kile kidude cha kuzungusha busti kwa mkono.

#25 Mzee_wa_Log
Kidude hicho ni vavu ya kumwaga hewa ya westigeti. Kinaongeza busti bila kurekebisha programu ya petroli wala ya moto wa plagi. Kwa petroli yetu unaongeza kugonga, na kompyuta inakunyang'anya ulichoongeza. Ukizidisha, inakata petroli.

Anza na gari nzima: hakuna uvujaji, plagi sahihi, presha ya petroli karibu 3 bar mrija wa vakyumu ukiwa umetolewa, na ipande sawasawa na busti. Busti 0.8 maana yake petroli 3.8. Pampu ikishindwa hapo, mchanganyiko unakauka, ndipo pistoni zinatoboka. Baada ya hapo ndipo bomba la kutolea moshi baada ya turbo, halafu programu iandikwe upya kwa petroli ya hapa na kwa presha ya hapa, ukiwa na sensa pana ya oksijeni, kwa sababu ile ya mbele ya Subaru haisomi uwiano wa hewa kwa petroli ulio chini ya 11.1 hivi. Lenga 11.0 hadi 11.5 ukiwa umekanyaga yote, nozeli zisivuke asilimia 85 hadi 90. Programu iliyonunuliwa mtandaoni ya gari ya Uingereza usiitie. Mara nyingi kwa Dodoma faida kubwa ni kurudisha digrii za moto zilizopotea, kuliko kuongeza busti.

Zile chupa za kuongeza oktani: zinaposema "pointi 5", mara nyingi ni nusu ya oktani moja, maana pointi moja ni sehemu ya kumi. Na zenye manganizi zinaacha rangi nyekundu ya kutu kwenye plagi.

#26 Zabibu_Nyeusi
Log ya Nyang'oro imepatikana. Muhtasari: swichi ON, presha ya nje hapa nyumbani 88 kPa. Mlimani, mguu chini: IAM 1.0 muda wote. Marekebisho ya kugonga ya papo hapo kati ya 0 na -2.8. Solenoidi ya westigeti inapanda kutoka asilimia 38 hadi 71 huku busti ikishuka 0.8 hadi 0.58. Joto la maji 98. Mafunzo ya mchanganyiko safu A ni +8, safu D ni +1. Mshtuko haukutokea mara hii. Solenoidi ikiwa moto inasoma ohm 37. Ile taa ya AT haikuwaka.

#27 Fundi_Kimya
Basi kompyuta haijafunga chochote. Inaongeza solenoidi, inaomba busti, haipati. Hewa inakwama au inatoka. Na A ya +8 wakati D ni +1 ni hewa isiyohesabiwa: ikiwa silensa tundu ni sehemu kubwa ya hewa yote, ukikanyaga inamezwa. Ule mpira wa chini ya manifoldi.

#28 Kondoa_Irangi
Solenoidi kupanda na busti kushuka ni masega vilevile, #27. Presha ya nyuma ikipanda, feni ya moto inakosa tofauti ya presha. Hiyo +8 inaweza kuwa gasketi tu ya manifoldi, matatizo mawili kwenye gari moja si ajabu.

#29 Mzee_wa_Log
Na -2.8 bado ni kugonga, IAM 1.0 au isiwe. Ila nakubali si hiyo inayoshusha busti kwenye log hii. Log haina mshtuko, kwa hiyo mshtuko bado haujaelezwa na mtu yeyote hapa.

#30 Dada_Spana
Zabibu, kabla ya kuinua manifoldi: geji ya presha kwenye tundu la sensa ya oksijeni, kwa mrija wa shaba wa kama mita moja ili joto lisiyeyushe hosi, uifunge kwenye kioo cha mbele uisome mlimani, msaidizi aandike. Safari hiyohiyo tia tone la rangi nyeupe kwenye mpira unaoonekana kabla ya manifoldi na uweke simu irekodi chini ya boneti, utaona kama unabonyea. Ukiinua manifoldi, gasketi mbili za manifoldi na klipu mpya za mpira ziwe mkononi, na matambara safi ya kuziba matundu ya vichwa, kwa sababu nati moja ikidondoka humo kichwa kinashuka. Sponji ya #19 nayo ipime ukiwa umeshafungua, ni dakika tano.